Ununue wapi vifaa vya nyumba Kisumu: duka kubwa, hadiwea ya jumla au duka la mtaani?

Fundi akishakukabidhi orodha yake, ambayo mara nyingi huandikwa kwa penseli juu ya kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye mfuko wa saruji, swali linalofuata ni la mahali pa kwenda. Mkazi wa Kisumu anayejenga au kukarabati ana milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni duka kubwa la kujihudumia, lile lenye vitoroli vya kusukuma, bei zilizobandikwa rafuni na vigae na sinki zilizopangwa kama nyumba ya maonyesho. Wa pili ni hadiwea ya jumla, mjini au eneo la viwanda, ambako unasimama mbele ya kaunta, unasoma orodha na karani anakuandikia kotesheni huku lori la mtu mwingine likipakiwa uani. Wa tatu ni hadiwea ya mtaani, kule Manyatta, Nyamasaria, Mamboleo au Riat, ambako mwenye duka anakujua kwa jina na anajua pia ujenzi wako umefikia wapi.

Nimenunua katika zote tatu kwa ajili ya nyumba moja iliyochukua miaka minne kufika kwenye rangi, kwa maana mshahara wa mwalimu hujenga polepole. Ninalinganisha aina za maduka, wala si majina ya kampuni, kwa sababu matawi hufunguliwa na kufungwa, na waliozoea kununua Nakumatt kabla haijafunga milango wanalielewa hilo, ilhali namna kila aina ya duka inavyofanya biashara haibadiliki upesi.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni gharama hadi kiwanjani, yaani bei ya kitu pamoja na kodi, usafiri na ujira wa vijana wa kupakua. Cha pili ni ubora unaoweza kuukagua wewe mwenyewe kabla ya kulipa, si ule unaoahidiwa kwa maneno. Cha tatu ni upana wa bidhaa, kwamba utapata mangapi kwenye orodha yako bila kuhama duka. Cha nne ni risiti na kurudisha kilichobaki au kilichoharibika. Cha tano ni namna ya kulipa, pamoja na deni. Ukarimu wa wahudumu sikuuweka miongoni mwa vigezo, kwani hutegemea siku na mtu, nami nimewahi kuhudumiwa vizuri na vibaya katika aina zote tatu.

Gharama hadi kiwanjani

Duka kubwa lina sifa moja ambayo mnunuzi mgeni huithamini sana: bei imeandikwa, VAT ya asilimia 16 imo ndani yake, na anayejua kupatana halipi chini ya asiyejua. Hilo humfaa mtu anayetaka kupanga bajeti akiwa nyumbani. Kwa upande mwingine, mlango wa kupatana umefungwa hata kwa anayenunua vingi, isipokuwa duka liwe na dawati maalumu la wakandarasi, na vitu vizito ambavyo faida yake ni ndogo, kama saruji na nondo, aidha haviko au vinauzwa kwa bei isiyoshindana na ya uani kwa mwenye jumla. Rangi, vifaa vya umeme, vitasa na zana za mkono ndivyo ambavyo duka kubwa huweza kuviuza nafuu, hasa wakati wa ofa.

Kwenye hadiwea ya jumla, bei ya kwanza unayotajiwa ni mwanzo wa mazungumzo. Ukipeleka orodha nzima badala ya kuuliza kitu kimoja kimoja, karani hupata nafasi ya kupunguza hapa na kujazia pale, na jumla hushuka. Jambo la kuulizwa kabla ya lolote ni kama kotesheni ina VAT ndani yake. Hesabu ya shilingi 50,000 isiyo na kodi inakuwa 58,000 kodi ikishaongezwa, na tofauti hiyo ya 8,000 imewafanya watu wengi walinganishe kotesheni mbili zisizolingana, wakakimbilia ile iliyoonekana ndogo.

Duka la mtaani hukutoza zaidi kidogo kwa kila kitu, na hakuna ubaya katika hilo, kwa sababu mwenyewe amenunua kwa yule yule wa jumla, akalipa gari, kisha akabeba hatari ya mzigo kukaa. Tuchukue mfano wa mifuko 40 ya saruji. Tuseme duka la mtaani linauza kila mfuko kwa shilingi 30 zaidi ya mjini. Tofauti ni shilingi 1,200, na mtu mwenye haraka ataona amepata sababu ya kupanda matatu kwenda mjini. Lakini mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili, na pikapu ya kawaida imeundwa kubeba tani moja hivi, kwa hiyo utalipia safari mbili au utakodi Canter, kisha uwape vijana chochote cha kupakua. Safari moja tu ya kupanda Riat inatosha kuimeza akiba hiyo yote. Duka la mtaani, kwa mifuko hiyo hiyo, litakuletea kwa mkokoteni mifuko kumi kumi kadiri fundi anavyoihitaji, na hutahangaika kutafuta pa kuihifadhi mvua za Machi hadi Mei zinapoanza.

Hesabu inageuka mzigo unapokua. Ukihitaji mifuko 150 kwa ajili ya slabu, tofauti ile ile ya shilingi 30 inakuwa 4,500, na kwa mzigo wa tani saba na nusu wauzaji wengi wa jumla hukubali kukuletea bila malipo ndani ya jiji, mradi uombe kabla ya kulipa wala si baada ya kulipa. Kwa hiyo kila unapotajiwa bei, uliza swali moja: ni shilingi ngapi ikiwa imeshushwa kwangu? Bila jibu la swali hilo huna cha kulinganisha.

Ubora na namna ya kuukagua

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa kasoro ya bei huonekana siku ile ile, ilhali kasoro ya ubora huonekana baada ya ukuta kupigwa plasta.

Tuanze na nondo, ambazo mafundi wa hapa huziita kwa kipenyo tu, D8, D10, D12. Uzito wa nondo haufichiki, kwa maana chuma ni chuma: nondo halisi ya D8 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 4.7 hivi, ya D10 ina kilo 7.4 na ya D12 ina kilo 10.7. Ukisahau namba hizi, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, ugawanye kwa 162, nawe utapata kilo kwa kila mita. Mimi hubeba mizani ya kuning'iniza, ile inayotumiwa na wauza samaki, na siku moja niliitundika kwenye boriti uani mwa duka ambalo sitalitaja. Nondo tuliyouziwa kuwa D12 tuliipima urefu, ukawa sawa, kisha tukaifunga kamba katikati na kuiinua: kilo 9.1. Huo ni uzito wa chuma cha milimita 11. Karani hakushtuka wala hakuona haya. Alisema, "Mwalimu, hiyo ni D12 ya biashara. Ukitaka ile kamili, bei ni nyingine." Kumbe zilikuwa mbili muda wote, nami nilikuwa nimepewa bei ya moja na kulinganishiwa na nyingine.

Katika kigezo hiki hadiwea ya jumla ina nguvu na udhaifu kwa pamoja. Nguvu yake ni kwamba bidhaa hazikai, hasa saruji, na kwamba unaweza kuingia uani ukachagua kwa mkono wako. Udhaifu wake ni kwamba huweka madaraja kadhaa ya kitu kimoja, na asiyejua kuuliza hupewa la chini. Duka kubwa kwa kawaida huweka daraja moja au mawili yenye maandishi kamili kwenye pakiti, jambo linalomlinda asiyejua, ijapokuwa linamnyima anayejua nafasi ya kuchagua. Duka la mtaani huuza kile ambacho wateja wake wanakimudu. Hilo huweza kuwa daraja la chini kabisa, lakini mwenye duka ana sababu ambayo wengine hawana ya kukuambia ukweli, kwani mtakutana kesho kanisani au kwenye mkutano wa chama.

Saruji nayo ina mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni daraja lililochapishwa kwenye mfuko: 32.5 inafaa kwa kujenga kuta na kupiga plasta, na 42.5 ndiyo wahandisi wengi huitaka kwa nguzo, mihimili na slabu. La pili ni umri. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hupungua nguvu, na katika hewa yenye unyevu kama yetu ya kando ya ziwa hupungua upesi zaidi, hasa mifuko ikiwa imelala moja kwa moja sakafuni au imeegemea ukuta. Bonyeza pembe ya mfuko kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama jiwe na haivunjiki kwa kubonyezwa, acha mfuko huo. Jaribio hili ni la lazima zaidi katika duka la mtaani linalouza polepole na katika duka kubwa ambalo saruji si bidhaa yake kuu.

Kwa mabati, kumbuka kwamba geji hupungua namba kadiri bati linavyozidi unene, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Soma maandishi ya kiwanda yaliyopigwa kwa wino kwenye bati lenyewe, kwani kilichoandikwa kwenye risiti kinaweza kuandikwa na yeyote. Kwa nyaya za umeme, ambapo kawaida ni milimita 1.5 za mraba kwa taa na 2.5 kwa soketi, omba kipande kidogo, kitoe ganda na ukikwangue kwa kisu: shaba halisi huwa nyekundu hadi ndani, na ile ya bandia, ambayo ni alumini iliyopakwa shaba, hung'aa nyeupe mara tu kisu kinapopita. Duka kubwa halitakuruhusu kukwangua waya wa roli iliyofungwa. Wa mtaani anayekata kwa mita atakuruhusu.

Bidhaa nyingi huwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye namba ya kibali chini yake. Andika ujumbe mfupi wa simu, SM# ukifuatisha namba hiyo, utume kwa 20023, nawe utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Inachukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya kulipa, na hufanya kazi sawa katika maduka yote matatu.

Vigae vina shida yao ya pekee. Kila katoni huwa na namba ya kundi la utengenezaji pamoja na alama ya kivuli cha rangi, na vigae vya jina moja kutoka makundi mawili huweza kutofautiana kiasi ambacho dukani hukioni lakini sebuleni, jua la saa kumi likiingia dirishani, unakiona hadi uchukie kuketi hapo. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika unapata 22, na kwa vigae vya sentimita 60 kwa 60, ambavyo kwa kawaida huwa vinne kwenye katoni yenye mita 1.44, unahitaji katoni 16. Mimi nilinunua 14 ili kubana matumizi. Niliporudi kwa mbili zilizobaki, kundi lile lilikuwa limekwisha. Vigae nilivyopewa vimejificha sasa chini ya kabati, na ndiyo sababu kabati lenyewe haliwezi kuhamishwa. Kwa ununuzi huu duka kubwa na maduka maalumu ya vigae yana faida dhahiri, kwa kuwa yana akiba kubwa ya kundi moja na unaweza kusoma namba za katoni zote kabla ya kulipa.

Upana wa bidhaa

Ndugu walio Marekani hutuuliza kwa nini tunazunguka maduka matano ilhali wao huingia Home Depot au Lowe's asubuhi na kutoka na nyumba nzima kwenye gari. Jibu liko katika namna ya kujenga. Kampuni hizo, ya kwanza iliyoanzishwa mwaka 1978 na ya pili iliyoanza mwaka 1921 huko North Carolina, zilikua kwa kumuuzia mwenye nyumba anayeshika nyundo mwenyewe mwishoni mwa wiki, na nyumba nyingi za huko zina mifupa ya mbao. Sisi tunajenga kwa mawe, mchanga na saruji, na anayeshika nyundo ni fundi. Kwa hiyo ni nadra duka la aina yoyote kati ya hizi tatu kukupa mchanga, kokoto au mawe ya msingi. Vitu hivyo kwa kawaida hununuliwa kwa tipa, na kwa anayejenga kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, msingi pekee huweza kula sehemu kubwa ya fedha kabla hajaingia duka lolote.

Ukiondoa hivyo, duka kubwa ni pana katika umaliziaji: taa, sinki, mifereji, vitasa, rangi na mashine ya kuchanganya rangi kwa namba, ambayo hukuwezesha kurudi mwaka ujao na kupata kijani kile kile. Hadiwea ya jumla ni pana katika mifupa ya nyumba, yaani nondo, saruji, mabati, misumari, mabomba na matangi ya maji. Duka la mtaani si pana, lakini ndilo linalokuuzia misumari nusu kilo, waya mita tatu na kiungio kimoja cha bomba wakati fundi wa maji amekaa juu ya ndoo akikusubiri na siku yake inahesabika.

Nje ya aina hizi tatu kuna soko la Kibuye, ambako milango, fremu na vitanda hutengenezwa mbele yako, na Jumapili soko hufurika kiasi cha kupata karibu kila kitu, kipya na kilichotumika. Kwa milango ya mbao sijaona pa kupita Kibuye, mradi ukague kama mbao zimekauka. Mlango wa mbao mbichi hujipinda kabla ya Krismasi.

Risiti na kurudisha

Duka kubwa huongoza hapa bila ubishi mkubwa. Risiti hutoka yenyewe, masharti ya kurudisha yamechapishwa nyuma yake, na meneja yupo wa kuulizwa. Masharti hayo hata hivyo huwa na mipaka: rangi iliyochanganywa kwa ombi lako hairudi, na katoni iliyofunguliwa hairudi. Hadiwea ya jumla hutoa risiti ya kodi ukiiomba, na ukisahau kuiomba huweza kukupa karatasi ya kaunta isiyo na jina la duka. Kuhusu kurudisha, hutegemea ulichokubaliana nao, kwa hiyo waombe waandike kwenye risiti yenyewe kwamba mabaki yasiyofunguliwa yatapokewa ndani ya siku kadhaa. Duka la mtaani mara nyingi halina sharti lolote lililoandikwa, na bado ndilo lililonipokelea mabomba mawili yaliyobaki, likanikatia kwenye deni langu bila maneno mengi.

Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" limebandikwa karibu kila mahali. Linahusu mtu aliyebadili nia, na lisikutishe ukiwa umeuziwa kitu kibovu, kwa sababu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika. Lakini sheria hukusaidia ukiwa na risiti mkononi. Aliyelipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi badala ya namba ya duka atapata taabu ya kuthibitisha alinunua nini.

Malipo na deni

Duka kubwa hupokea taslimu, kadi na M-Pesa, na halikopeshi. Hadiwea ya jumla hukopesha wakandarasi waliozoeana nao, na baadhi huruhusu lipa mdogo mdogo: unaweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya mabati, bei inafungwa, na unachukua mzigo siku unapokamilisha malipo. Mpango huo ni mzuri bei zinapopanda, ila una hatari yake, kwa kuwa fedha zako ziko kwa mtu na bidhaa ziko ghalani mwake. Omba maandishi yanayotaja geji, urefu, rangi na bei, si jumla ya fedha pekee, maana jumla bila geji haikulindi.

Duka la mtaani hukopesha kwa daftari. Mwezi ambao mshahara ulichelewa, plasta yangu haikusimama kwa sababu ya daftari hilo, na siwezi kulitia thamani ya shilingi. Anayelitumia atambue tu kwamba mdaiwa hana uhuru wa kupatana, na kwamba bei ya mfuko huwa haishuki ukiwa na deni la mifuko ishirini.

Neno moja kuhusu mafundi. Katika hadiwea za jumla na za mtaani, fundi anayeleta mteja huweza kuachiwa kitu kidogo. Wengine wanaona ni ada halali ya kuleta biashara, wengine wanaona ni wizi. Mimi nimeamua kumlipa fundi siku ya kununua kama siku ya kazi, twende pamoja, achague yeye, nilipe mimi. Katika duka kubwa fundi kuachiwa kitu ni jambo gumu kutendeka, na kwa asiyeweza kuambatana na fundi wake hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi kidogo.

Nani aende wapi

Anayeanza nyumba kutoka msingi, mwenye fedha za awamu nzima mkononi na mahali pakavu pa kuhifadhi, atafaidika na hadiwea ya jumla kwa nondo, saruji na mabati. Apate kotesheni tatu za orodha ile ile, zote zikiwa na VAT na usafiri, na aende na mizani. Mabati ya boksi, yale yenye mikunjo ya pembe, aagize yakatwe kwa urefu wa paa lake, kwani viungio vinavyopandana ni bati anazolipia mara mbili.

Anayejenga kwa mshahara, chumba hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, atafanya vyema kuchagua duka moja la mtaani na kulizoea, akinunua mjini vile vizito tu anapopata fedha za mpigo, kama mkopo wa sacco.

Anayekarabati nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa rangi, vigae, sinki na taa, aanzie duka kubwa. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7 kina takriban mita 34 za mraba za kupaka ukitoa mlango na madirisha, na kwa mipako miwili, lita moja ikifunika mita 10 hivi, makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Kwa kiasi hicho hakuna muuzaji wa jumla atakayekupunguzia cha maana.

Mpangaji au mwenye nyumba ambaye mfereji umepasuka jioni hana haja ya kulinganisha chochote. Aende duka la kona kabla halijafungwa.

Aliye Nairobi au ng'ambo na anayejengewa na ndugu ana hitaji tofauti na la bei, yaani hitaji la kujua fedha zilikwenda wapi. Amlipe muuzaji moja kwa moja kupitia namba ya biashara, duka kubwa au la jumla, apokee risiti ya kodi, kisha aombe picha za namba za katoni na maandishi ya mabati yakiwa yameshushwa kiwanjani. Duka la mtaani litabaki kwa vitu vidogo ambavyo ndugu atavinunua kwa fedha za mkononi.

Na anayejenga Siaya, Bondo au Vihiga asidhani kwamba Kisumu ni lazima. Vitu vizito vipo kwenye hadiwea za jumla za miji hiyo, na tofauti ya bei hupotelea barabarani kwenye mafuta ya lori. Vinavyostahili safari ya Kisumu ni vile vyepesi vyenye thamani na ambavyo uchaguzi wake kwenye miji hiyo ni mdogo: vitasa, mifereji, swichi na vichwa vya bafu, ambavyo vyote huingia kwenye buti ya matatu bila kondakta kuuliza nauli ya pili.